Sanduku la Njano

Wewe uliyelichukua,
nilikuwa ndani nasubiri chipsi mayai, Tabata Bima,
saa mbili kasoro usiku, pikapu imeupa mtaro mgongo.
Dakika kumi na mbili. Nimeziandika mara tano
katika fomu tano, na kila fomu ilitaka sahihi.

Mnyororo uliukata vizuri, siidharau kazi yako.
Kilo arobaini na moja.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wanasema,
ila huu ulikuwa wangu, kiuno changu kinaujua.
Ulipumzika wapi? Uliupakata?
Ulidhani jenereta? Mashine ya kuchomelea?
Ile alama ya mapanga matatu ubavuni
ulidhani ni ya kampuni ya feni?

Ngoja nikwambie ulichobeba.
Tunakiweka juu ya kifusi kilichoshindiliwa,
tunashusha fimbo, na kwenye ncha ya fimbo
mna punje, ndogo kuliko chenga ya mchele,
isiyolala.
Haina moto, haina harufu, haina mlio.
Inauliza udongo: umeshikana?
Udongo hujibu kwa namba.
Nusu ya barabara unazokimbilia usiku
niliziuliza mimi.

Siku tisa nilikutafuta.
Redio ilisema msifungue, msikae karibu, pigeni simu;
ilisema kati ya tangazo la magodoro na matokeo ya mpira.
Nikapita kwenye vyuma chakavu, mita mkononi
ikidonoa kama kuku asiye na njaa: tk. Tk.
Mburahati, Bi Siwema wa mizani akaniuliza,
"Ndani kuna shaba?"
Hakuna.
"Sasa kina nini?"
Risasi, nikasema, ya kuzuia.
"Kuzuia nini?"
Mionzi.
Akatazama juu, akafinya jicho. "Hii ya jua?"

Siku ya kumi, Manzese, nyuma ya Tip Top,
mita iliacha kudonoa. Ikamwaga.
Banda la kinyozi Shomvi: kioo chenye ufa,
picha ya vichwa kumi na sita vya kuchagua,
na juu ya kiti kikubwa, limefunikwa khanga iliyopauka,
sanduku langu,
na juu ya sanduku mtoto,
miguu inaning'inia, shingo kaiinamisha.

"Elfu saba nilinunua," alisema Shomvi.
"Watoto hawafikii kioo."

Kufuli lilikuwa zima. Hukulifungua.
Sijui ulishindwa au ulichoka. Ahsante.
Neno limenitoka, silirudishi.

Wakaja watu wa tume na glavu zao,
wakapima kiti, ukuta, mikono ya Shomvi,
wakasema kiwango ni kidogo, hakuna wa kulazwa.
Nawaamini. Nalipwa kuziamini namba.
Kifuani nina beji inayohesabu badala yangu,
kila baada ya miezi mitatu inapanda basi kwenda Arusha kusomwa,
na mara zote imerudi na habari njema.

Walipouliza, watoto wangapi?
Shomvi alikuwa bado kashika mashine, inanguruma hewani.
Akaanza kwa vidole:
"Wa Mama Pili, wawili.
Yule mwenye mapunye.
Mjukuu wa muuza mkaa, huyo alisinzia palepale,
nikamwacha, mvua ilikuwa inanyesha.
Halafu Jumamosi... Jumamosi huwa wengi,
Jumatatu shule."
Vidole vikaisha.
Akazima mashine ili ahesabu vizuri.

Banda likafungwa kwa utepe.
Yule wa mwisho alitoka amenyolewa upande mmoja,
anajipapasa kichwa, anacheka,
na mama yake nyuma akidai
arudishiwe nusu ya hela.